Nilivyotafuta kwa milinganyo kwa nini tumbo la mama halikurudi

Mama yangu anakaa Tukuyu. Alimaliza dozi ya antibayotiki, kikohozi kikaisha, ila wiki nne baadaye akaniambia kwenye simu: "Kifua kimepona, mwanangu, lakini tumbo halijarudi." Mimi nafundisha hisabati sekondari hapa Mbeya. Kauli ile haikunitoka.

Antibayotiki huua pia bakteria wazuri wa utumbo, basi nikaanza na hao, kwa mlinganyo wa Verhulst wa 1838 wa ukuaji wa idadi ya viumbe: bakteria wakiwa wachache huongezeka kasi, chakula kikibana hupunguza mwendo. Nikaongezea dawa inayowaua kwa siku tano, nikapiga hesabu kwenye Excel siku hadi siku. Ikaniletea bakteria chini ya sifuri! Hatua zilikuwa ndefu mno. Nilipohesabu kwa saa mojamoja, mchoro ukatulia.

Tatizo ni kwamba dawa ikikoma, bakteria walirudi palepale, hata nikiwapa dozi ya mwezi mzima. Modeli yangu ilikuwa inambishia mama. Tena ilipingana na utafiti wa Dethlefsen na Relman wa 2011: watu watatu walikunywa antibayotiki ya ciprofloxacin kwa dozi mbili ndani ya miezi kumi, na bakteria wao wa utumbo walirudi, lakini si wote kama mwanzo.

Nilipopata mwanga ni uani kwa mama, likizo ya Desemba. Mpwa wangu alikuwa anachezea gololi ndani ya karai kuukuu lililobonyea, lenye mabonde mawili na kinundu katikati. Akiisukuma kidogo, inarudi. Akiisukuma kwa nguvu, inavuka kinundu na kutulia upande wa pili. Nilichuchumaa pale muda mrefu kuliko mtoto.

Usiku huohuo nikaweka makundi mawili ya bakteria kwenye milinganyo ya Lotka na Volterra, inayoeleza viumbe wanaogombea chakula kimoja. Kila kundi likimbana jirani kuliko linavyojibana lenyewe, mabonde mawili yanajitokeza, yaani hali mbili ambazo utumbo unaweza kutulia; gololi ndiyo hali ya utumbo kwa sasa. Dawa ya siku tatu: kundi la kwanza, lililotawala kabla ya dawa, likarudi. Ya siku saba: kundi la pili likashika nafasi, likabaki nayo hata dawa ilipokwisha. Viwango nilivipanga mwenyewe, havikupimwa kwa mgonjwa, kwa hiyo si kipimo cha dozi ya mtu yeyote. Dozi anapanga daktari.

Nilimwonyesha mama mchoro. Akautazama, akauliza: "Na gololi ikishavuka, inarudishwa na nini?"

Sasa naongeza kwenye mlinganyo bakteria wanaoingia kila siku na chakula. Nikiwaweka wachache mno, gololi haitikisiki. Nikiwazidisha, inaanza kupanda kinundu.