Fyuzi iliyokuwa ikikatika kila nilipobeba machungwa

Corolla yangu ni ya mwaka 1997, na mimi ni mwenyewe wake wa tatu, kama si wa nne. Ninatoka nayo Tanga mjini kwenda kufundisha Muheza giza halijaisha, na mara nyingi narudi giza limeshaingia. Kwa hiyo kwangu taa za nyuma si mapambo. Malori ya barabara ile hayana huruma na gari lisiloonekana.

Jioni moja dashibodi ikawa giza ghafla. Taa kubwa za mbele zinawaka, injini haina neno, ila mshale wa spidi siuoni. Nikasimama pembeni, nikazunguka nyuma: taa nyekundu zote zimezima, na ya namba ya gari pia. Fyuzi iliyoandikwa TAIL, ile ya bluu ya ampia 15, ilikuwa imekatika. Nikaweka mpya, taa zikarudi, nikasahau. Siku ya tisa ikakatika tena, halafu baada ya siku tano, halafu mara mbili katika wiki moja.

Fundi rewaya, yaani fundi wa umeme wa magari, niliyempelekea aliangalia dakika tano tu akahukumu swichi ya taa. Tukanunua iliyotumika, akafunga, elfu arobaini ikaondoka. Haikumaliza wiki. Niliporudi akacheka, akachomeka fyuzi ya kijani ya ampia 30. "Hii haitakusumbua tena, mwalimu."

Kweli, fyuzi haikunisumbua. Kilichonisumbua ni harufu ya plastiki inayoungua, jioni moja nimeshakaribia Pongwe. Nilizima taa, nikasimama, nikainua zulia upande wa kizingiti cha mlango. Fungu la waya lilikuwa na joto la kikombe cha chai, na fyuzi ya kijani ilikuwa nzima kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa, na aibu ikanishika kwa sababu nafundisha watoto sayansi: fyuzi imewekwa ife kabla ya waya. Ukiweka kubwa kuliko inavyotakiwa, atakayekufa ni waya, na waya umepita chini ya viti tunavyokalia.

Mtaani kwetu kuna mzee aliyetengeneza redio miaka mingi. Nilimwendea jioni hiyohiyo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Limekataa tena?"

Nilipomweleza aliniambia nisinunue fyuzi hata moja zaidi, nimletee balbu ya breki ya wati 21 na kishikio chake. Akavunja plastiki ya fyuzi mojawapo niliyokuwa nimeiunguza, akachukua miguu yake miwili, akaunga kila mguu kwa waya wa kwenye kishikio. Basi. Hicho kitu unakichomeka mahali pa fyuzi. Kukiwa na shoti, yaani waya ulio uchi ukigusa chuma cha bodi, umeme wote unapita kwenye balbu kwanza, nayo inawaka kwa nguvu. Wala haiwezi kupitisha hata ampia mbili, kwa hiyo hakuna kinachoungua. Shoti ikiondoka, balbu inafifia. Unaweza kutafuta usiku kucha bila kuunguza fyuzi, na balbu yenyewe inakuambia umefika.

Nilitoa balbu zote ndogo za nyuma, za namba na za mbele, nikawasha swichi ya taa. Balbu ya mzee ikawaka kwa unyonge tu, kwa sababu taa za dashibodi bado zilikuwa zinavuta. Hiyo ilikuwa hali ya kawaida. Nikamweka kijana wangu wa darasa la sita kwenye kiti cha dereva aitazame, mimi nikaanza kutikisa waya: kwenye boneti, zinapopenya ukuta wa injini, chini ya zulia, chini ya kiti cha nyuma. Karibu saa nzima. Kila nikiuliza ananijibu, "Bado, baba." Mara ya ishirini sauti ilikuwa ya mtu anayesinzia.

Mke wangu alikuwa amekaa barazani akimenya machungwa. Akasema, "Lakini hili gari mbona linakorofisha siku za machungwa tu?"

Nilitaka kumjibu kwamba umeme haujui machungwa. Kisha nikakumbuka. Machungwa nanunua Muheza, na siku nikiyanunua ndiyo siku ninayofungua buti. Siku nyingine mkoba wangu unakaa kiti cha mbele. Nikaenda nyuma, nikainua mfuniko wa buti polepole. Ulipofika katikati kijana akapiga kelele, "Imewaka! Imewaka sana!" Nikaushusha kidogo. "Imefifia!" Tukarudia mara nne, zaidi kwa furaha kuliko kwa haja.

Waya za taa ya namba zinapita kwenye mkono wa bawaba ya buti, ndani ya bomba la mpira, na kwa zaidi ya miaka ishirini zimekuwa zikijikunja mahali palepale. Nilichana ule mpira. Waya wa kijani ulikuwa umevuliwa ngozi, shaba imekuwa nyeusi, na kila mfuniko ulipopanda ulikuwa unagusa chuma cha bodi. Mingine miwili ilikuwa na nyufa, inasubiri zamu.

Babu alinikataza kuunga palepale palipokatika. Kiungo cha risasi ya kuunganishia waya ni kigumu, na mahali panapojikunja kitavunja waya pembeni yake. Nilikata hadi kwenye sehemu zisizojikunja, nikaingiza vipande vipya vya sentimita 20 vya waya laini wa nyuzi nyingi, unene uleule, viungo nikivipishana ili visirundikane pamoja. Juu yake nikavisha mpira ule unaosinyaa ukipashwa moto. Tepu peke yake kwa joto la Tanga inageuka gundi.

Nikarudisha balbu zote na fyuzi ya bluu. Zikawaka, isipokuwa ya kulia ilikuwa hafifu, na nikikanyaga breki indiketa ya upande huo nayo inawaka kidogo. Nusura nianze kukata waya nyingine. Babu akaleta mita ya kupimia umeme, mguu mmoja kwenye chuma kitupu cha bodi, mwingine kwenye waya mweupe wenye mstari mweusi, ambao kwa Toyota ndio wa kurudisha umeme kwenye bodi. Mahali palipotakiwa kusoma karibu sifuri pakasoma volti 2.8. Skrubu iliyoushika ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari. Umeme ukikosa njia ya kurudi unapitia balbu za jirani, ndiyo maana taa moja inaamsha nyingine. Msasa, vaselini kidogo, skrubu mpya. Kazi ya dakika kumi.

Tangu hapo fyuzi ile ya bluu haijakatika, na machungwa nabeba kwa magunia. Balbu ya mzee inakaa kwenye droo ya dashibodi, na imeshasaidia gari za walimu wawili pale shuleni. Taa ya ndani ya buti ndiyo haiwaki hadi leo. Hiyo nimeiacha.