Kamera kuukuu, bei ya mpya: kesi ya mpwa wangu

Mpwa wangu alishikwa na kamera ya watu, na kuiba aliiba kweli, hilo hata mwenyewe hakubisha. Ila niliposoma hati ya mashtaka nikakuta thamani iliyoandikwa ni bei ya kamera mpya dukani, wakati ile niliiona kituoni kwa macho yangu, kioo cha nyuma kina ufa, mpira wa kushikia umebanduka, lenzi imeota ukungu ndani. Na alikoshtakiwa thamani ndo inaamua kosa ni dogo au kubwa, yaani kuna mstari, ukiuvuka unaongelea habari za jela.

Mstari wenyewe kila sehemu ina wa kwake. Kwa mfano kwenye majimbo ya Marekani, California kwa vitu vingi ni dola 950, Texas 2,500, New Jersey 200 tu, kwa hiyo kamera ya dola 600 huku ni kosa dogo kule ni kubwa.

Wakili akatuambia kinachohesabiwa kwa kawaida ni bei ambayo mtu angeinunua ikiwa vilevile ilivyo, siku ile ilipoibwa, siyo ile aliyonunulia mwenye kamera wala uchungu alionao, na wa kuthibitisha ni upande wa mashtaka. Basi nikaanza kukusanya matangazo ya kamera modeli ileile zilizotumika, ya tarehe za karibu na tukio, halafu nikamwomba fundi wa kamera aandike makadirio na kugonga muhuri. Hiyo ya fundi ndo ilibeba kila kitu, maana alieleza ukungu unavyoharibu picha na kwamba kuusafisha lazima lenzi yote ifunguliwe. Matangazo peke yake wangeyapinga, maana kwenye tangazo mtu anaweka bei yoyote anayotaka.

Angekuwa amevunja mlango au kumtishia mtu hizi hesabu zote zisingemsaidia, hiyo ni kesi nyingine kabisa. Na angemwibia mtu yuleyule kidogo kidogo, sehemu nyingi wanajumlisha. Dada yangu naye kila saa si kamera imerudi, yaishe jamani! Haiishi hivyo, kurudisha kunaweza kupunguza adhabu lakini kosa liko palepale.

Mwendesha mashtaka alivyopitia makadirio ya fundi akabadilisha hati, ikawa kosa dogo. Kijana akakiri, akapigwa faini. Faini nimelipa mimi, ananirudishia kidogo kidogo, na kwa kusumbuliwa.