Swali la Mjomba barazani

Wiki ya tatu hii tangu nirudi Tanga. Niliondoka 2006, nikakaa Minnesota miaka yote hiyo nikihudumia wazee majumbani kwao. Sasa kila jioni hapa Ngamiani Mjomba ananimiminia kahawa, ananisogezea kashata, kisha anauliza lilelile: "Hivi mwanangu, hao Wamarekani wana dini kweli?"

Wanayo, Mjomba. Hata kwenye noti zao wameandika kwamba wanamtumainia Mungu. Lakini Katiba yao, ibara ya 6, inakataza dini kuwa sharti la kupewa cheo. Mwaka 2007 Keith Ellison wa Minneapolis, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge lao, aliapa kwa msahafu uliokuwa mali ya Thomas Jefferson, rais wao wa tatu. Wapo waliopinga kwa ukali. Mimi nilikuwa mgeni, sina hata mwaka mmoja pale, nikalia mbele ya televisheni.

Kilichoniumiza kule ni kitu kingine. Mzee niliyemhudumia muda mrefu kuliko wote alikuwa mlokole wa kweli, hali chakula bila kuomba. Alinisimulia jinsi mwaka 1998 alivyotaka Rais Bill Clinton aondoke madarakani, kwa kuwa asiye mwaminifu kwa mkewe hawezi kuwa mwaminifu kwa taifa. Ilipofika 2016, Trump alipogombea, mzee yuleyule akaniambia: "Hatuchagui mchungaji, tunachagua rais." Nilidhani ni uzee. Kumbe wengi walihama naye. PRRI, taasisi ya Kimarekani ya kupima maoni ya watu, iliwauliza watu kama kiongozi mwenye dhambi katika maisha yake binafsi anaweza kutenda haki kazini. Mwaka 2011, walokole wa Kizungu waliosema anaweza walikuwa asilimia 30. Mwaka 2016 wakawa 72. Wasio na dini hawakusogea sana. Waliobadilika kuliko wote ni wale waliokuwa wakali kuliko wote, na katika miaka 5 tu! Maandiko yao hayakubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni mtu wa kusamehewa. Nasema hivi kwa uchungu, maana nilimpenda yule mzee na imani yake niliiheshimu.

Na adabu ikaondoka hivyohivyo. Oktoba 2008, hapo Lakeville, si mbali na nilipokuwa nikiishi, mama mmoja alimwambia John McCain, aliyekuwa akigombea urais dhidi ya Obama, kwamba hamwamini Obama, ni Mwarabu. McCain alimchukulia kipaza sauti, akasema hapana, huyo ni mtu mwema mwenye familia yake, wanatofautiana tu mawazo. Wakati huo nilifurahi. Baadaye nikajiuliza kwa nini kuwa Mwarabu kuliwekwa upande wa pili wa kuwa mtu mwema. Mjomba, babu zetu wangapi hapa pwani ni Waarabu? Hata hivyo alisimama mbele ya wafuasi wake akamtetea mpinzani, na wapo waliomzomea. Miaka iliyofuata niliona wanaozomea ndio wanaopigiwa makofi.

Mzee wangu alikuwa na mabinti wawili. Baada ya uchaguzi wa 2016 waliacha kusemeshana. Mmoja akija Jumapili, mwingine anakuja Jumatatu, na mimi ndiye niliyebeba salamu zao.

Mjomba alinyamaza, akazungusha kikombe. "Na baba yao alipofariki?"

Walikuja wote wawili. Walikaa viti tofauti, na katikati nikakaa mimi.