Bidoni la maji ya ziwa na moli wangu saba

Mke wangu aliponikuta napima chumvi kwenye mizani yake ya unga, aliuliza kama samaki hawa nawafuga ao nawapika. Nilikuwa na moli weusi saba kwenye tangi la kioo la lita 80, sebuleni kwetu Majengo, hapa Goma. Nilikuwa nimewaanzisha kwa maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye mabati, maana niliyaona masafi kuliko yote. Kumbe maji ya mvua ni laini mno kwa moli. Wakaanza kukunja mapezi na kutikisika mahali pamoja, kama mtu mwenye homa, bila kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Mfanyabiashara aliyeniletea samaki hao kutoka Kampala ndiye aliyeniambia niwahamishie maji ya chumvichumvi. Akaniletea mfuko wa chumvi ya akwariamu ya baharini na hidromita ya kioo, kile kifaa kinachoelea majini na kuonyesha chumvi ni nyingi kiasi gani. Chumvi ya jikoni alinikataza, kwa kuwa haina kalsiamu wala magnesiamu. Nikaanza: gramu 9 hivi kwa lita, hidromita ikasoma 1.005. Maji ya bahari yanasoma 1.025 hivi, kwa hiyo yangu yalikuwa kati ya moja ya tano na robo tu ya ukali huo. Baada ya wiki mbili samaki walikuwa wanaogelea vizuri, mapezi yamefunguka.

Kosa la kwanza lilikuwa la hesabu. Tangi halina kifuniko kizuri, na kila wiki maji yalipungua kwa upana wa kidole. Mimi nikawa najazia kwa maji niliyotia chumvi, nikidhani ndivyo inavyotakiwa. Miezi michache baadaye hidromita ikasoma 1.007. Maji yanapogeuka mvuke chumvi inabaki ndani, kwa hiyo kila nilipojazia niliongeza chumvi juu ya chumvi. Moli hawakudhurika, hao wanaweza kuishi hata baharini kwenyewe, lakini tangu hapo nimebandika utepe kwenye kioo penye usawa wa maji. Maji yakipungua kwa mvuke, najazia maji matupu. Nikichota mwenyewe kwa mpira, narudisha maji yenye chumvi ileile. Na nachota baada ya kujazia hadi kwenye utepe, sio kabla.

Kosa la pili ndilo lililoniumiza.

Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 tukaambiwa tuhame. Majengo ilikuwa kati ya mitaa iliyotajwa. Tulibeba watoto, magodoro na sufuria, tukaelekea Sake kwa miguu na umati wote ule. Samaki hawakuwa na nafasi kwenye mzigo, na sikuthubutu hata kuwataja. Tuliporudi mwezi wa Juni niliwakuta wote saba wako hai. Walikuwa wamekonda, maji yameshuka vidole viwili na kugeuka rangi ya chai hafifu, lakini hai. Samaki mzima hafi kwa kukosa chakula siku kumi na kitu.

Kwa furaha nikataka kuwabadilishia maji saa ileile. Bomba la Regideso, shirika la maji, lilikuwa kavu, lava ilikuwa imeharibu mitambo ya maji upande wetu. Zamani nilikuwa nakinga maji ya bomba jioni na kuyaacha wazi kwenye beseni, klorini, ile dawa ya maji inayodhuru samaki, inatoka yenyewe. Sasa nikamtuma kijana mwenye baiskeli anichotee bidoni mbili, yaani madumu mawili, katika ziwa Kivu. Nikawaza: maji ya ziwa hayana klorini, hakuna haja ya kungoja. Nikatia chumvi kwenye bidoni moja, nikakoroga, nikamimina.

Dakika kumi hazikuisha. Wote wakapanda juu, midomo nje ya maji, matamvua yanapiga harakaharaka. Mmoja alizunguka kama pia, kisha akalala ubavu. Nilitia kidole kwenye lile bidoni lingine, nikanusa: jiki. Nikamwita kijana.

“Ndiyo papa, kule ku ziwa banatiaka dawa mu kila bidoni, juu ya kolera.”

Nilijua jambo hilo miaka yote. Nimewaona mara ngapi wale watu ufukweni wakisimama na bomba la sindano, wanatia dawa ya klorini katika kila bidoni linalopita. Wanaokoa maisha ya watu. Ni mimi tu sikuunganisha mambo. Siku ile nilipoteza moli watatu.

Na hapo mke wangu akasema neno ambalo hadi leo sina jibu lake: “Batu banapanga mustari ya mayi ya kunywa, na weye unamwangia samaki?” Majuma yale sikubadilisha maji kabisa. Niliwapunguzia chakula hadi mara moja kwa siku mbili, ili uchafu upungue na amonia, sumu inayotoka kwenye uchafu huo, isipande, nikaacha mawe ya lava yaliyomo tangini yafanye kazi yake. Yana vitundu vingi ambamo bakteria wanaokula uchafu wanakaa.

Siku hizi natumia bidoni moja la lita 20 kila baada ya wiki mbili, yaani robo ya tangi. Jumamosi jioni nalimimina kwenye beseni, natia chembe chache za tiosulfati ya sodiamu kuua klorini, isije ikawa imetiwa kwa makosa, kisha gramu 180 za chumvi, na pampu ndogo ya hewa inakoroga usiku kucha, umeme ukiwapo. Asubuhi maji huwa na ukungu mweupe kama maji ya kuoshea mchele. Nilitishika mara ya kwanza, lakini ni kalsiamu ya ile chumvi inakutana na magadi mengi ya maji ya Kivu. Nazima pampu, nangoja ukungu utue chini, naivuta sehemu safi ya juu tu. Hidromita naizungusha kidogo kabla ya kusoma, maana kiputo kimoja cha hewa kikiganda kwenye kioo kinaiinua na kukudanganya. Beseni naliweka karibu na mbabula, jiko la makaa, usiku wa Goma una baridi.

Maji machafu yanayotoka nayo yalinipa kesi. Yale ya mvua ya zamani nilikuwa namwagia lengalenga (mchicha) za mama watoto na zilinawiri ajabu. Nikaendelea kumwagia na haya ya chumvi bila kufikiri, na tuta zima likaungua ncha za majani kama lililopitiwa na moto. Sasa yanakwenda chooni.

Kijana wa baiskeli bado ndiye anayetuchotea. Bidoni la samaki nimelifunga kitambaa chekundu mkononi, halitiwi dawa na halinywewi na mtu. Akifika getini hasemi hodi, anapiga kelele kwanza:

“Papa, ya leo ni ya batu ao ya samaki?”