Rimu ya karatasi iliyonipimia biskuti na kunipa maboksi ya zawadi

Nimechoka kuambiwa kwamba zawadi ya kutengeneza nyumbani inaanza na orodha ya manunuzi: mizani ya dijitali, vikombe maalumu vya kupimia, maboksi yaliyokatwa tayari, gundi ya moto, utepe wa kila rangi. Nilipotangaza kwamba safari hii ndugu na marafiki watapata biskuti za siagi na lozi za sukari kutoka jikoni kwangu, ndani ya maboksi niliyoyakunja kwa mkono, kila mtu alikuwa na kitu cha kunituma nikanunue. Nilichonunua ni siagi, sukari, unga, lozi, karatasi ya kuokea na manila. Karatasi nyingine nilikuwa nayo tayari, rimu ya A4 ya kawaida, ile ya gramu 80, na kazi iliyofanya rimu hiyo nitaieleza kwa kirefu kwa sababu naionea fahari.

Biskuti zenyewe hazina yai, hazina maziwa, hazina hamira. Ni sukari sehemu 1, siagi sehemu 2 na unga wa ngano sehemu 3, kwa uzito. Hapo kwenye uzito ndipo penye ugumu. Kikombe cha unga uliochekechwa hakilingani na kikombe cha unga ulioshindiliwa, na biskuti yenye viungo vitatu tu haina pa kuificha tofauti hiyo. Unga ukizidi, inapukutika kabla haijafika mdomoni. Siagi ikizidi, inatandaa kwenye trei na kuungana na jirani yake. Wifi yangu alinionya, "Wifi, bila mizani utaipoteza siagi yako bure." Kuhusu kupima alisema kweli. Kuhusu kununua mizani, nilikataa.

Vipimo vya A4 vina hesabu nyuma yake. Mfumo huu ulianza Ujerumani mwaka 1922 kama kiwango cha DIN 476, kazi ya Walter Porstmann, na mwaka 1975 ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 216. Msingi wake ni karatasi ya A0 yenye eneo la mita 1 ya mraba. Ukiikata katikati unapata A1, ukiikata tena A2, na ukifika A4 umeshika sehemu moja ya 16 ya ile karatasi kubwa. Sasa angalia jalada la rimu palipoandikwa 80 g/m². Maana yake mita 1 ya mraba ya karatasi hiyo ina uzito wa gramu 80. Gawanya kwa 16: kila A4 ina gramu 5. Karatasi 20 ni gramu 100, na rimu nzima ya karatasi 500 ni kilo 2 na nusu. Nimekaa na mawe ya mizani mezani miaka yote hii, tena yaliyopimwa kiwandani!

Kilichobaki kilikuwa mtambo wa kulinganishia. Nilichukua hanga ya nguo ya mbao, nikaining'iniza kwenye msumari ambapo inabembea bila kugusa ukuta, nikafunga mifuko miwili myepesi ya aina moja kwenye ncha zake kwa uzi wa urefu sawa. Hanga ilipinda kidogo upande mmoja. Nikabandika vipande vya selotepu upande uliokuwa juu mpaka ikatulia sawasawa. Hatua hii usiiruke, maana hanga isiyolingana ikiwa tupu itakudanganya hadi mwisho. Kisha nikahesabu karatasi 20, nikazikunja bomba, nikazifunga kwa mpira, nikazitia upande mmoja. Upande wa pili nikamimina sukari taratibu mpaka hanga ikatulia sawasawa. Gramu 100. Karatasi 40 kwa siagi, 60 kwa unga.

Ili nijiridhishe, nilichukua pakiti ya siagi ya gramu 250 ambayo haijafunguliwa na kuishindanisha na karatasi 50. Hanga ilibembea, ikasita, ikalala chini kidogo tu upande wa siagi, na huo ndio uzito wa kifungashio. Nilimwita kila aliyekuwamo nyumbani aje aone. Karatasi hufyonza unyevu wa hewa, kwa hiyo uzito wake unaweza kupanda au kushuka kidogo, lakini kwa biskuti tofauti hiyo haionekani. Na kama rimu yako si ya gramu 80, hesabu ni nyepesi vilevile: A4 16 siku zote zina uzito ulioandikwa kwenye jalada. Rimu ya gramu 100, basi karatasi 16 ni gramu 100.

Halafu nikaona jambo ambalo lilinifurahisha zaidi ya hayo yote. Sukari 1 na siagi 2 ni 3, na unga ni 3. Ukishapima sukari na siagi, zitie pamoja upande mmoja wa hanga, halafu mimina unga upande wa pili mpaka zilingane. Karatasi 60 huzihitaji tena.

Kuhusu kukanda, ushauri niliopewa ulikuwa mbaya kweli. "Kanda mpaka ulainike kabisa uwe kama wa mkate," jirani alinisisitizia, na trei ya kwanza niliifuata rai yake kwa heshima. Zilitoka ngumu, zenye kuvutika, na zilizonywea pembeni. Sababu yake ni hii: siagi si mafuta matupu, kuna maji ndani yake, kama asilimia 16 hivi, na maji hayo yakikutana na protini za unga kisha ukakanda, unajenga zile nyuzi zinazoshikilia mkate. Mkate unazitaka. Biskuti hii haizitaki hata kidogo. Sasa napiga siagi laini na sukari mpaka vichanganyike, natia unga, nabonyeza kwa vidole mpaka unga mkavu usionekane, naacha. Ukitaka zivunjike kwa mlio mzuri, ondoa gramu 50 za unga wa ngano uweke gramu 50 za unga wa mchele, ambao hauna nyuzi hizo.

Donge nililifinyanga kuwa mche wenye pande nne, kila upande sentimita 3 na kidogo, nikaufunga kwa karatasi ya kuokea na kuuweka kwenye friji hadi ukakakamaa. Vipande vya unene wa sentimita 1, oveni nyuzi 160 za Selsiasi, dakika 20 hadi 25, na ukiona kingo zimeanza rangi ya dhahabu, toa. Zitakuwa laini na utashawishika kuzirudisha. Usizirudishe, zinakauka zikipoa kwenye trei. Na tafadhali, karatasi ya kuokea ni tofauti na karatasi yenye nta. Nta huyeyuka kwenye oveni.

Lozi ni kazi ya sufuria moja: gramu 200 za lozi, gramu 100 za sukari, mililita 50 za maji, moto wa wastani, mwiko usiache kuzunguka. Karanga au korosho zinafaa pia. Maji yanakauka, sharubati inakuwa nzito, halafu ghafla sukari yote inageuka mchanga mweupe. Hapo ndipo nilipoambiwa kwamba imeharibika na nimwage. Haijaharibika! Sukari imerudi kuwa chembe kwa sababu maji yameisha. Punguza moto, endelea kukoroga, na ule mchanga utaanza kuyeyuka upya, safari hii bila maji, ukizivisha lozi rangi ya kahawia inayong'aa. Mimina kwenye karatasi ya kuokea, zitenganishe kwa uma mbili. Watoto wakae mbali, kwa sababu sukari iliyoyeyuka ni moto kupita maji yanayochemka na inagandia ngozi.

Sasa maboksi. Kila aliyenishauri alisema tumia manila, karatasi nene ndiyo imara. Nilinunua manila ya gramu 250 na kuikunja lile boksi la Kijapani la masu, lisilohitaji gundi wala mkasi zaidi ya kupata mraba. Mikunjo ya kwanza ilikwenda vizuri. Nilipofika kwenye pembe, ambapo karatasi inalaliana tabaka juu ya tabaka, manila ikaanza kushindana nami. Nakandamiza pembe hii, ile inafunguka. Nashika ile, kuta zote zinachanua. Nikaiwekea vitabu juu usiku kucha, asubuhi nikainua kitabu cha mwisho, na boksi likafunguka taratibu mbele ya macho yangu mpaka likawa mraba tena, lenye nyufa nyeupe kila palipokunjwa. Rafiki akanikumbusha kwamba Akira Yoshizawa, yule fundi mkubwa wa origami, sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi, aliyezaliwa 1911 na kufariki 2005, alikunja karatasi nene kwa kuilowesha kidogo. Ni kweli, lakini yeye alikuwa akiumba ndege na wanyama wa kutazamwa. Boksi la biskuti haliwezi kuanza maisha yake likiwa na unyevu.

Nikarudi kwenye rimu. A4 ya gramu 80 inatosha kabisa, kwa sababu masu inajikunja mara mbili kwenye kuta na sakafuni. Mraba wa sentimita 21, ambao ni upana wote wa A4, unatoa boksi lenye upande wa sentimita 7.4 na kimo cha 3.7. Ukitaka kukisia boksi la ukubwa wowote, zidisha upande wa mraba kwa 0.35. Mraba wa sentimita 21 nauweka uwe mfuniko, na sehemu ya chini naikata sentimita 20.4. Hizo milimita 6 ndizo zinazofanya mfuniko uteleze vizuri bila kulegea. Nilikuwa nimeambiwa nipunguze sentimita 2 nzima, na mfuniko wa namna hiyo unadondoka ukiinamisha mkono. Sakafuni natia kipande cha kadibodi kuukuu cha sentimita 7 kwa 7, juu yake karatasi ya kuokea inayopanda hadi kwenye kuta, maana siagi hupenya karatasi ya kawaida na kuacha madoa. Biskuti nne kwa kila tabaka, tabaka tatu. Donge moja linajaza maboksi matatu na za kuonja zinabaki.

Ile manila sikuitupa, niliifanya kadi za salamu, na hapa nina neno na wote wanaokunja A4 katikati kisha wanashangaa mkunjo ukipasuka. Karatasi ina mkondo. Nyuzi zake hulala upande mmoja tangu kiwandani, na kwenye A4 nyingi zinafuata upande mrefu. Ukiikunja katikati kupata kadi ya A5, mkunjo unakatiza nyuzi zote, nazo zinavunjika. Pima kwa kurarua kipande: mchano unaonyooka umefuata mkondo, unaokwenda upogo umeukatiza. Dawa yake ni rahisi. Kata A4 iwe A5 mbili, halafu kunja kila A5 kuwa A6. Mkunjo sasa unalala sambamba na nyuzi, unatoka laini, na umepata kadi mbili badala ya moja. Kabla ya kukunja, pitisha kalamu iliyoisha wino kando ya rula ili uache mfereji. Kadi niliyompa shangazi ilikuwa na mpasuo mdogo wa makusudi ndani, kipande kinachoinuka kikiwa na jina lake ukiifungua, na kazi yote hiyo ni mikato miwili ya mkasi kwenye mkunjo.

Gundi niliitumia kwenye mapambo tu, nayo niliipika: unga kijiko 1, maji vijiko 5, moto mdogo hadi inakuwa nzito na yenye kung'aa. Paka nyembamba sana. Ukipaka nyingi karatasi inakunjamana, kwa sababu nyuzi zikinywa maji hutanuka kwa unene kuliko kwa urefu.

Baada ya kukata mraba kutoka A4 unabaki na ukanda wa karibu sentimita 9. Huo ndio lebo yangu. Naandika jina la mpokeaji, tarehe niliyooka, na viungo vyote bila kuruka hata kimoja: ngano, siagi, sukari, na lozi kama zipo. Mtu mwenye mzio wa karanga au lozi hapaswi kubahatisha kwa sababu tu anaona haya kuuliza.

Pakia kila kitu kikiwa baridi kabisa. Biskuti yenye vuguvugu inatoa mvuke, boksi linalegea, na ukavu wote ulioutafuta unapotea. Boksi la karatasi halizuii hewa, kwa hiyo naoka siku moja kabla ya kutoa na namwambia mpokeaji azihamishie kwenye kopo lenye mfuniko kama hazili siku hiyohiyo. Kwenye kopo zinakaa wiki moja bila shida. Kwa ndugu walio mbali situmi biskuti kabisa, natuma lozi, kwa sababu zinastahimili kurushwarushwa njiani, na ndani ya masu nazifunga kwanza kwenye mfuko usiopitisha hewa, la sivyo ile sukari itavuta unyevu na kushikana.