Sinia la uraibu, Ngamiani

Usiku wa kuamkia harusi ya binamu yangu, Juni 2012, jikoni na uani kulikuwa kwa shangazi na jirani zake, lakini sinia la uraibu, yaani la tambuu na viungo vyake, lilikuwa la bibi na hakumwachia mtu. Alikaa nalo ukumbini, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, wazee wameegemea ukuta huku na huku. Katikati yao aliketi shemeji yetu kutoka Njombe, aliyemuoa dada yangu mwaka uliotangulia. Tambuu, jani linalokunjwa pamoja na chokaa na popoo, kokwa ya mpopoo, likatafunwa, alikuwa hajawahi kuitia kinywani. Ila sigara alivuta, tena sana, na kwa ajili hiyo akaona hatua za mwanzo hazimhusu. Akaomba ya tumbaku.

"Utakula, mume wangu," bibi akamjibu, kwa utani wa mabibi na wajukuu. "Kwanza nikuone unavyotafuna."

Alianza na jani. Majani yalikuwa yamelala tangu alasiri ndani ya kitambaa kibichi, maana jani la tambuu likipigwa na upepo wa kusi hujikunja ncha, na lililokauka ukilitafuna hubaki makapi matupu. Kwa mgeni alichagua yaliyoanza kugeuka umanjano: ni laini, ukali wake umepungua. Ya kijani kibichi, manene, aliyasogeza upande wa wazee. Akalifuta jani pande zote mbili, akakata kikonyo, akauvua mshipa mkubwa wa kati kwa ukucha, kisha akaligeuza nyuma apake chokaa.

Chokaa ya tambuu haichotwi kwenye debe la mwashi. Ya pwani hutoka kwenye mawe ya matumbawe yaliyochomwa, na ikitiwa maji huchemka yenyewe. Ikiliwa ikiwa changa hivyo, hubabua. Bibi alikuwa ameizimisha siku nyingi kabla, akaiacha ipoe, akaichuja kwa kipande cha kanga kuukuu ili mchanga ubaki nje, na kila siku akamwaga maji ya juu na kutia mengine. Ilikuwa laini kama malai. Kiasi chake kwa jani zima: punje ya mchele, basi. Akaitandaza kwa kidole mpaka ukijani wa jani ukaonekana kupitia weupe wake. Ikizidi hapo, nyama ya ndani ya shavu hugeuka nyeupe na kubanduka, na ulimi hauonji kitu mpaka kidonda kipone. Ikipungua, popoo hubaki chungu na mate hayawi mekundu, kwa sababu wekundu ule hauko ndani ya jani wala ndani ya popoo peke yake: ni maji ya popoo yakikutana na chokaa.

Juu ya chokaa akapaka katu, ambayo hutolewa kwenye moyo wa mti na kuuzwa ikiwa vipande vya hudhurungi. Huloweshwa mpaka iwe uji mzito. Katu hupunguza makali ya chokaa, lakini nayo ikizidi hukaza ulimi na kukausha mdomo. Halafu popoo. Alitumia kavu, robo ya tunda, amelichanja kwa mkasi wa popoo vipande vyembamba hata ukikishika kwenye taa kinapitisha mwanga. Watu wengi huwapa wageni popoo mbichi wakidhani kwa kuwa ni laini basi ni nyepesi. Sivyo. Mbichi ndiyo inayolevya: masikio yanapata moto, jasho linatoka, kifua kinabana.

Mwisho akatia nazi iliyokunwa na kukaangwa kavu, sukari kidogo, shamari, na hiliki ya Muheza punje mbili. Akakunja jani pembe tatu, akalichoma karafuu isifunguke.

Shemeji akaitafuna kama anakula mandazi, kisha akameza. Akakohoa mpaka machozi. Tambuu huwekwa shavuni, ikapondwa kidogo kidogo kwa magego na kuachwa itoe maji yake, na mate ya mwanzo hutemwa yote, maana ndiyo yenye chokaa kali na ukakasi wa popoo. Bibi akamsogezea tasa bila kusema kitu, akakunja nyingine.

Ile ya pili aliipenda. Wa mwanzo wote huipenda, ni pipi yenye jani. Ila sukari na nazi huisha upesi, na mtu anayeendelea kula, siku moja hugundua kwamba utamu umekwenda na yeye bado anatafuna, na kilichobaki mdomoni ni jani lenyewe: ule ukali wa pilipili unaokuja na harufu ya karafuu nyuma yake. Akishaionja hiyo, sukari huanza kumkera. Mimi naona wauzaji wanaojaza sharubati na rangi ndani ya tambuu wanawazuia wateja wao wasifike hapo, na pengine ndiyo biashara yenyewe.

Ukumbini pale hatua zote zilikuwa zimekaa mkeka mmoja. Karibu na mlango, wasichana na tambuu zao za nazi. Wakubwa wao kidogo walikuwa wameacha sukari, wakaongeza katu na karafuu. Kisha akina baba wa makamo, majani mawili mawili, popoo nusu nzima, chokaa nene, tumbaku. Hawa ndio waliojisifu, na hawa ndio hawakuweza kutofautisha jani la umanjano na la kijani. Chokaa ikishaunguza ulimi, mtu haonji, naye kwa kuwa haonji huongeza chokaa. Wengi huishia hapo, na wanadhani ndio ubingwa.

Pembeni yao palikuwa na mzee wa Pangani, rafiki wa marehemu babu. Alijitengenezea mwenyewe. Jani moja la kijani, alilinusa kwanza, akalirudisha, akachukua jingine. Chokaa hata punje ya mchele haikufika. Popoo vipande vitatu, hiliki, basi. Tumbaku alikuwa ameiacha zamani. Akatafuna polepole, akamwambia bibi, "Hili la chini ya mti, lile lilikuwa la juani." Bibi akaitikia kwa kichwa. Majani ya mtambuu uliopanda kivulini huwa mapana na laini. Ya juani huwa madogo, mazito, makali.

Bibi alipoinuka kwenda kuangalia biriani, mmoja wa akina baba akamchomekea shemeji tumbaku, ncha ya kidole tu. Haikuchukua muda, kwikwi ikaanza. Kisha jasho la baridi, kisha akasema ukumbi unazunguka. Uvutaji wake haukumsaidia. Sigara mtu huivuta kwa pumzi, akijisikia ametosheka huacha. Tumbaku iliyo shavuni pamoja na chokaa haingoji, chokaa huifungua nikotini ipite kwenye nyama ya shavu upesi, na hata ukitema, iliyokwisha ingia imeingia. Tena alikuwa hajala tangu adhuhuri. Mama mdogo, ambaye ni nesi, alimtemesha yote, akamsukutulisha maji mara kadhaa, akamlaza ubavu asije akatapika akapaliwa, na alipotulia akampa chai ya sukari.

Ndipo mama mdogo akamgeukia yule baba aliyetoa tumbaku, akamwamuru aingize vidole vitatu mdomoni, vimesimama wima. Viliingia viwili. Akamweleza mbele ya wote: popoo hukakamaza nyama ya mashavu taratibu mpaka mdomo ukawa haufunguki, na kuondoa tumbaku hakumtoi mtu hatarini, kwa kuwa wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani ulishaiweka tambuu isiyo na tumbaku, na popoo peke yake, kwenye orodha ya visababishi vya saratani, mwaka 2004. Yule baba akasema mdomo wake ni mdogo tangu kuzaliwa. Watu wakacheka, lakini kuna waliojipima kimya kimya, niliwaona.

Shemeji alirudi Njombe baada ya harusi. Bibi alimfungia majani machache ndani ya jani la mgomba na kitambaa kibichi, akamwagiza akiloweshe kitambaa upya kila siku na atoe lolote lenye doa jeusi kabla halijaambukiza mengine. Chokaa akaitia kwenye kijaluba chenye kifuniko cha kukaza, maana ikipata hewa huwa jiwe. Popoo ilishachanjwa, kidogo tu, ya kuwaonjesha wageni wake. Sukari hakuiomba. Tumbaku hakutiliwa, na kwa kuwa yule baba ndiye aliyemsindikiza stendi, bibi alikifunga kifurushi kwa uzi na kupiga fundo ambalo lazima ulikate kwa mkasi.