Nilivyotoka kwenye magrili mpaka nikapasi testi ya kuchomelea mabomba, 6G (na rodi nilizozioka kwenye oveni ya keki)

Naandika hii kwa sababu juzi dogo mmoja hapa kijiweni kaniuliza "bro ile kazi ulimpa nani shingapi?", yaani nilimhonga nani nikapata kazi ya kuchomelea mabomba, na hasira zikanipanda hapohapo, maana hilo ndo swali lililonipotezea mimi karibu mwaka mzima na laki tatu zangu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, niko Tanga, Ngamiani. Chuo sijakanyaga, nilianza 2012 kama saidia fundi, kushika holo seksheni jua kali, kutumwa diski za kukatia, kununua chapati za mafundi, ndo ukubwani nikapewa hendo, yaani nichomelee mwenyewe. Mpaka 2022 nikawa na kibanda changu, mashine ya kusuka (ile ya transfoma wanayotengeneza hapahapa mtaani, nzito kama jeneza), grainda mbili moja mbovu, na dogo wa kunisaidia. Grili, mageti, vitanda vya chuma, stendi za tenki la maji. Ukiniuliza nilikuwa naingiza shingapi kwa mwezi nitakudanganya, hakuna fundi wa mtaani anayejua. Siku ya geti unashika laki mbili unajiona tajiri, halafu siku tano unacheza drafti. Ukitoa LUKU, rodi, pango, hela ya dogo, nadhani ilikuwa inabaki kama laki nne, mwezi mbaya mbili na nusu, na mwezi wa mvua usiniulize.

Sasa wakati huo Tanga nzima ni bomba tu. Bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima Uganda linakuja kuishia hapa Chongoleani, kilomita 1,443, na katika hizo 1,147 ziko upande wetu, kwahiyo kila mtu mwenye holda ya kuchomelea mkononi alishajipangia nyumba. Mjomba akaniita pembeni, "mjomba wangu, hizi kazi ni za kujuana, mimi namjua mtu." Mtu mwenyewe alikuwa na shati jeupe na faili. Laki tatu. Wiki ya tatu namba haipatikani, na mpaka leo mjomba tukikutana msibani anaanza yeye kuniuliza habari za watoto haraka haraka kabla sijafungua mdomo.

Mwaka unaofuata kampuni moja ya kandarasi ikatangaza inataka mawelda, sio hata wa huo mradi, ilikuwa matengenezo ya kiwanda, kazi ya mabomba. Sharti: uwe na 6G. Naomba msinicheke, mimi nilidhani 6G ni mambo ya simu, maana ndo kipindi matangazo ya 5G yalikuwa kila kona. Nikaenda kuuliza kwa aibu. Kumbe ni mkao. Wanachukua vipande viwili vya bomba, wanavikutanisha, wanavifunga kwenye stendi vikiwa vimelala upande nyuzi 45, na hairuhusiwi kuvizungusha. Unazunguka wewe. Juu unachomelea kama mtu, pembeni unachomelea kama ukuta, chini unachomelea umeangalia mbingu na cheche zinakuingia kwenye kola. Ukipasi huo wanahesabu mikao mingine ya bomba nayo umeiweza, ndo maana wanaupenda.

Fundi mwenzangu akaniambia, "Wewe una miaka kumi kwenye moto, unafanya mazoezi ya nini? Mkono ushazoea." Huu ndo ushauri mbovu kuliko wote niliowahi kupewa, mbovu kushinda hata ule wa mjomba, maana mjomba alikula hela tu, huyu aliniua mbele za watu.

Siku ya testi tuko kumi na kitu. Nikapewa bomba la inchi 6, rodi za aina mbili, E6010 na E7018. Mimi maisha yangu yote najua rodi ni geji 10 na geji 12 basi, ile 6013 ya kawaida. Inspekta ni mzungu mmoja mwenye Kiswahili cha kuombea maji, akanigusa bega akaniambia "anza saa sita." Sawa. Saa sita kwangu mimi mshale unaangalia juu, nikapanda nikaanzia juu kabisa. Jamaa akaja mbio anapunga mikono. Kumbe yeye saa sita yake ni ile siksi ya saa yao, yaani chini, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili! Nikasema hapa hata saa yenyewe tumeshapishana, nitatoboaje.

Nikaanza chini. Ile 6010 jamani, inatema kama nyoka. Mimi nimezoea 6013 unaiburuta taratibu huku unapiga stori, hii ukiilegeza kidogo inachimba shimo, na shimo likatokea, kubwa, kidole kinaingia. Sasa fundi wa magrili akiona shimo anafanyaje? Anakata kipande cha rodi anakichomeka kwenye tundu anafukia juu kwa juu, anapiga grainda, anapaka redi okisaidi, mteja analipa na soda juu. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikafanya hivyohivyo. Nikafukia, nikapiga kepu (lile tabaka la juu kabisa) moja safi sana, inang'aa imejipanga kama magamba ya samaki. Nikatembea kifua mbele.

Inspekta hakuangalia hata hiyo kepu. Akachukua tochi akamulika NDANI ya bomba. Kipande changu cha rodi kimening'inia mle ndani kama jino la mtoto. Akawaita na wenzake waje kuona. Hata kwenye mashine ya kukunja vipande kutafuta nyufa hawakufika. Akanipa lile bomba nikaondoke nalo, nadhani ilikuwa dharau lakini mimi nikalibeba, chuma ni chuma.

Nilikaa wiki nzima sifungui kibanda. Halafu nikamfuata mzee mmoja mstaafu anakaa Makorora, huyu alichomelea meli na mabomba huko bandarini miaka mingi, mkali balaa, ukikosea anakupiga na glovu. Shikamoo mzee, marahaba, leta hilo bomba nilione. Akaliangalia, akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, wewe ni fundi wa rangi. Kuchomelea bado."

Kilichofuata ni miezi kama mitatu ya mateso. Kwanza mashine. 6010 kwenye ile ya kwangu ya kusuka inawaka inazima inawaka inazima, nikadhani rodi ni feki, nikarudi dukani kugombana. Mzee akaniambia rodi ile ni ya DC, mashine yako ni AC, utagombana na nchi nzima. Nikakopa kamashine kadogo ka inveta, DC kweli, nayo ikazingua, tao (ule moto wa kwenye ncha ya rodi) linakatika, maana vile vya bei rahisi vingi haviiwezi 6010 hata viandikwe nini ubavuni. Mwisho nikawa nakodi mashine ya dizeli ya jamaa mmoja, Jumamosi mchana na Jumapili, elfu thelathini na mafuta juu yangu. Angalau hiyo haina mambo ya LUKU kukatika ukiwa katikati ya ruti, lile tabaka la kwanza la ndani kabisa.

Halafu sasa ndo rodi. Hii naomba niieleze taratibu. 7018 inavuta unyevu, na Tanga mnaijua, hapa hata chumvi inalia kwenye kopo. Nilinunua paketi iliyofunguliwa siku nyingi, bei poa, kila nikichomelea natoa vitundu vidogo vidogo kama maandazi. Nikasikia zinaokwa. Basi jirani yetu anaoka keki za shughuli, nikamuomba oveni yake siku akiwa sokoni, nikazipanga rodi zote kwenye trei ya keki, 7018 na 6010 pamoja, nikapeleka kitufe mpaka mwisho, saa zima. Nikajiona mwanasayansi. Jioni jirani akaoka keki ya bethidei ya mtoto wa watu, keki ikatoka inanuka gereji. Mama watoto hakuongea na mimi siku tatu, nikalipa keki, nikanunua na vanila ya kuombea msamaha.

Na hata hazikupona! Mzee akanipiga glovu mbili. La kwanza, 7018 ikishalowa inataka karibu nyuzi 400, oveni ya keki inaishia 250, kwahiyo nilizipasha tu kama kiporo. La pili baya zaidi, 6010 HAIOKWI kabisa. Ile ganda lake linatakiwa liwe na unyevu kidogo ndo ifanye kazi, ukiikausha umeiua. Rodi mbili hizo ni kama wake wenza, anachopenda huyu yule anakinunia. Mzee yeye mazoezini alikuwa ananunua paketi ya 7018 iliyofungwa, anaifungua siku hiyohiyo, zikibaki anaziweka kwenye friji bovu alilofunga taa ya wati 100 ndani, inawaka usiku kucha. Hiyo haikaushi zilizolowa, inazuia tu kavu zisilowe. Kazini kuna oveni yake maalumu na kopo la umeme la kutembea nalo, usipeleke mambo ya friji huko.

Kitu kilichonifungua akili ni gepu, ule mwanya kati ya mabomba mawili. Mimi nilikuwa nakadiria kwa jicho, upande huu milimita nne, upande ule mbili, halafu nashangaa ruti inatoboka huku na huku haishiki. Mzee akachukua rodi ya 3.2, akaigonga ganda lote likatoka ikabaki waya mtupu, akaukunja kama V, akauweka katikati ya mabomba mawili, akasimamisha, akapiga teki (vile vipande vifupi vya kushikiza tu), akachomoa waya. Gepu sawa mzunguko wote. Miaka kumi na moja nimeshika rodi mkononi na sijawahi kujua ni rula. Pia alinifundisha kusaga ncha za zile teki ziwe nyembamba ili ruti ipite bila kujikwaa, na kusikiliza, maana ruti ikipenya vizuri inasikika ndani ya bomba inavuma kama mtu anapuliza chupa, na mbele ya rodi unaona katundu kadogo kanatembea na wewe. Katundu kakikua ongeza mwendo, kakipotea umeshaacha kupenya. Hicho katundu nilikiota usiku.

Mabomba ya mazoezi nilinunua kwa wa skrepa kwa kilo, sikumbuki, elfu na kitu kilo. Unachomelea, unakata, unachonga ukingo, unachomelea tena mpaka bomba linabaki fupi kama kikombe. Jumla yote na rodi na dizeli nadhani ilifika laki saba, labda nane, mama watoto anajua laki nne.

Cheti nacho nilikitafuta katikati ya hayo, VETA wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazi mtaani wakamtambua bila kukaa darasani miaka, nendeni mkaulize wenyewe. Kilinisaidia getini kwenye kupokelewa makaratasi, ila chenyewe hakikushika rodi kwa niaba yangu.

Testi ya pili ilikuwa kampuni nyingine. Nikauliza kabisa, "saa sita ya nani?" wakacheka, barafu ikayeyuka. Nikaweka waya wangu wa V, kuna dogo wa chuo pembeni alikuwa ananichungulia. Ruti, hotipasi juu yake, nasafisha slagi (lile ganda la takataka) kila tabaka mpaka brashi inalia, filingi ya kujaza, kepingi ya juu. Wakamulika tochi, kimya. Wakakata vipande wakavikunja kwenye mashine kama U, wakatafuta nyufa, ufa ukifunguka zaidi ya milimita 3 umekwenda na maji. Kimoja kilikuwa na kadoa, inspekta akakapima mara mbili, mimi nasoma dua zote ninazozijua na nyingine za kutunga. Kakapita.

Tulikuwa tisa, tukapasi wawili. Hapo ndo nilielewa kwanini wanalipa. Nilianza elfu sabini kwa siku na ovataimu juu, mwezi wa kwanza nikaondoka na milioni moja laki saba na chenji baada ya makato. NSSF walinikata nikanuna, mwenzangu akaniambia tulia, na kampuni nayo inakuwekea. Ila msikurupuke kuacha vibanda vyenu, mkataba ulikuwa miezi minne na siku kadhaa, ukaisha, nikarudi Ngamiani kwenye mageti. Baada ya miezi miwili nikaitwa tena, testi upya, maana kila kampuni inataka ikuone kwa macho yake, hawajali ulimpigia salamu nani. Mwaka jana kwa jumla nilifanya kazi ya namna hiyo kama miezi saba, mingine mitano nikawa mtaani kama kawaida, na bei zangu za mageti nimepandisha kidogo, wanalalamika lakini wanaleta.

Dogo aliyeniuliza nilimpa nani, nimemwambia aje Jumapili na viatu vya kufunika, mashine nakodi mimi, rodi aje nazo, paketi ya kufungwa. Lile bomba la kwanza lenye jino ndani ninalo bado, linashikilia mlango wa kibanda usijifunge na upepo. Ataanza kwa kumulika tochi humo.